Mwenza wa Miali ya Gama: Utafutaji wa Nuru ya Matukio ya Mawimbi ya Graviti na Istilahi Zake katika Kiswahili, Kutoka Malindi hadi Osukuru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi wanasayansi wanavyotafuta miali ya gama inayoambatana na matukio ya mawimbi ya graviti, na yanachunguza istilahi zinazohitajika ili jambo hilo lielezwe kwa Kiswahili bila kupotoshwa. Mifano imetolewa katika kituo cha anga za juu cha Malindi nchini Kenya, ambacho kimepokea data za setilaiti kadhaa zilizoshiriki katika utafutaji huo, na katika eneo la Osukuru, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako dhahabu na madini adimu yaliyomo ardhini yanaupa utafutaji huo maana ya karibu. Hoja kuu ni kwamba matokeo ya utafutaji huu hayaeleweki pasipo kutenganisha mambo matatu: sadfa na uhusiano, kutoonekana na kutokuwepo, arifa na tahadhari. Makala yanapendekeza istilahi zinazoyatenganisha na kubainisha hatua ambazo washauri wa sera katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaweza kuzichukua.

1.0 Utangulizi

Vilima vya Osukuru, karibu na mji wa Tororo mashariki mwa Uganda, vinafahamika zaidi kwa fosfeti inayotumika kutengeneza mbolea. Miamba yake ni ya aina ya karbonatiti na, pamoja na fosfeti na chuma, ina niobi na madini adimu ya kundi la lanthanidi. Upande wa kusini, katika wilaya ya Busia, wachimbaji wadogo huchimba dhahabu sehemu za Tiira, katika ukanda wa miamba ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 ambao unaendelea ng'ambo ya mpaka hadi magharibi mwa Kenya. Wakaazi wa eneo hili huzungumza Kiteso, Kidhopadhola, Kisamia na lugha nyingine, na wanapokutana katika masoko ya Malaba na Busia, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha.

Mwanajiolojia anaweza kueleza namna maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba yalivyokusanya dhahabu mahali pamoja. Maelezo hayo hayajibu swali lililo nyuma yake: atomu zenyewe za dhahabu ziliumbika wapi, kabla ya Dunia kuwapo? Elementi nyingi nyepesi hadi chuma hutokana na uyeyungano wa viini ndani ya nyota. Sehemu kubwa ya dhahabu, pamoja na baadhi ya lanthanidi, huhitaji mazingira yenye nyutroni nyingi mno zinazomiminwa katika viini kwa kasi kubwa. Kwa miongo kadhaa wataalamu walikisia kwamba mahali pamojawapo ni pale nyota mbili za nyutroni zinapogongana na kuungana. Ushahidi wa moja kwa moja ulipatikana mwezi Agosti 2017, na ulipatikana kwa sababu wimbi la graviti na miali ya gama vilitambuliwa kuwa vimetoka katika tukio moja.

Kwa hiyo, mada inayoonekana kuwa ya mbali inahusu asili ya kile kinachochimbwa Busia. Inahusu pia taasisi iliyopo katika pwani yetu wenyewe. Swali linaloongoza makala haya ni hili: tunahitaji maneno gani ili mwalimu wa Tororo, mwandishi wa habari wa Busia na mshauri wa wizara walieleze jambo hili kwa Kiswahili kwa usahihi uleule unaodaiwa na sayansi yenyewe?

2.0 Mashahidi Wawili wa Tukio Moja

Mawimbi ya graviti ni mitikisiko ya anga-wakati yenyewe. Albert Einstein aliyatabiri mwaka 1916. Miili mizito sana inapozungukana kwa kasi, hunyoosha na kukaza anga kwa zamu, na mtikisiko huo husambaa kwa kasi ya nuru. Ukiifikia Dunia huwa mdogo kupita kiasi. Vigunduzi viwili vya LIGO nchini Marekani vina mikono yenye urefu wa kilomita 4 kila mmoja, na kile cha Virgo nchini Italia kina mikono ya kilomita 3. Badiliko linalopimwa katika mikono hiyo ni chini ya sehemu moja ya mia ya kipenyo cha protoni.

Miali ya gama ni nuru yenye nishati kubwa kuliko nuru nyingine zote. Hewa ya Dunia huizuia, hivyo hupimwa hasa na setilaiti. Mimweko yake kutoka mbali angani iligunduliwa mwaka 1967 na setilaiti za Vela za Marekani, ambazo kazi yake ilikuwa kuchunguza iwapo kuna majaribio ya silaha za nyuklia. Matokeo yakachapishwa mwaka 1973. Baadaye ilibainika kwamba kuna mimweko mirefu, ambayo kwa kawaida hutokana na kuporomoka kwa nyota kubwa, na mimweko mifupi isiyozidi takriban sekunde 2. Mimweko hii mifupi ndiyo iliyodhaniwa kutokana na kuungana kwa nyota za nyutroni.

Kila shahidi ana nguvu yake na upungufu wake. Wimbi la graviti hueleza uzito wa miili iliyoungana na umbali wake, lakini huonyesha mwelekeo kwa ubutu. Miali ya gama huonyesha kwamba kuna maada iliyorushwa kwa kasi kubwa, lakini haielezi ni miili gani iliyoirusha. Ushahidi wao ukiunganishwa, hueleza jambo ambalo hakuna mmoja wao angeweza kulieleza peke yake. Hata hivyo, kabla ya kuuunganisha ni lazima kuthibitisha kwamba mashahidi hawa walishuhudia tukio moja.

3.0 Namna Mwenza Anavyotafutwa

Uthibitisho huo hujengwa kwa maswali matatu. La kwanza ni la wakati: je, miali ilifika ndani ya sekunde chache za wimbi? La pili ni la mahali: je, maeneo ya anga yaliyokadiriwa na vyombo hivyo viwili yanaingiliana? La tatu ni la sadfa: je, kuna uwezekano gani kwamba mawimbi na miali visivyohusiana vimekutana kwa bahati tu?

Tukio la kwanza la mawimbi ya graviti kugunduliwa linaonyesha uzito wa swali la tatu. Tarehe 14 Septemba 2015, saa 6:50 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, vigunduzi vya LIGO vilinasa kuungana kwa mashimo meusi mawili yaliyo umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 1.3. Chombo kimoja katika setilaiti ya Fermi kilionyesha ishara dhaifu ya miali sekunde 0.4 baadaye. Uwezekano wa sadfa ulikadiriwa kuwa 0.0022, yaani takriban moja kwa 450. Kwa mtu wa kawaida hiyo yaweza kuonekana hoja ya kutosha. Kwa wanasayansi haikutosha: mashimo meusi hayakutarajiwa kutoa nuru, setilaiti ya INTEGRAL haikuona kitu, na eneo lililokadiriwa na LIGO lilikuwa na upana wa takriban digrii 600 za mraba, ilhali mwezi mpevu huchukua takriban digrii 0.2 tu za mraba. Ishara hiyo ilibaki kuwa yenye ubishi.

Jambo la pili la kuzingatia ni maana ya kutoona. Setilaiti iliyo karibu na Dunia huzibwa na Dunia sehemu kubwa ya anga. Chombo huweza kuwa kimezimwa kinapopita katika ukanda wenye chembe nyingi za mionzi. Hata kikiwa wazi na kikielekea panapostahili, kina kiwango cha chini kabisa cha mng'ao kinachoweza kukipima. Ndiyo maana taarifa ya kisayansi haisemi kwamba miali haikuwapo. Husema kwamba, kama ilikuwapo, haikuzidi kiasi fulani. Kiasi hicho huitwa hapa kikomo cha juu. Kikomo cha juu ni matokeo kamili yenye manufaa, kwa kuwa huondoa nadharia zinazotabiri miali mikali zaidi ya hapo.

4.0 Malindi katika Historia ya Utafutaji

Ng'ambo ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Italia ilisimamisha baharini jukwaa la San Marco, ambalo lilirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo hadi leo katika orodha za vyanzo vya eksirei vilivyogunduliwa na setilaiti hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002. Novemba 1972 ilifuata SAS-2, setilaiti ya miali ya gama.

Sababu ya kuchagua Malindi ni ya kijiografia. Kutoka karibu na ikweta ni rahisi kuifikisha setilaiti katika obiti inayofuata ikweta, ambamo vyombo vya miali husumbuliwa kidogo na chembe za mionzi. Setilaiti ya namna hiyo hupita juu ya pwani ya Kenya katika kila mzunguko, takriban kila baada ya saa moja na nusu, hivyo kituo kimoja hutosha kupokea data zake. Ndivyo ilivyokuwa kwa BeppoSAX, iliyorushwa kutoka Marekani mwaka 1996 na kutuma data zake Malindi. Tarehe 28 Februari 1997 setilaiti hiyo iliwezesha kwa mara ya kwanza kuonekana mwanga wa eksirei unaobaki baada ya mmweko wa miali ya gama. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kupima umbali wa mimweko, uliokuwa fumbo kwa miaka 30.

Baadaye Malindi ilipokea data za Swift, iliyorushwa mwaka 2004. AGILE, iliyorushwa mwaka 2007 na kumaliza safari yake mwaka 2024. Na NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012. Swift hutuma taarifa fupi za mimweko kwa sekunde chache kupitia setilaiti nyingine, na data zake kamili hushuka Malindi. AGILE ilikuwa ikijizungusha na kuipitia takriban asilimia 80 ya anga kila baada ya dakika 7, tabia iliyoifaa sana kwa kutafuta wenza wa mawimbi ya graviti. Ilipochunguza tukio la Septemba 2015 haikuona miali, ikatoa vikomo vya juu. Data za utafutaji huo zilipitia pwani yetu.

5.0 Alasiri ya Tarehe 17 Agosti 2017

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Agosti 2017, saa 9:41 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, wimbi la graviti lilifika katika kigunduzi cha Virgo, na milisekunde 22 baadaye likafika Livingston, kisha milisekunde 3 baadaye Hanford. Sekunde 1.74 baada ya nyota hizo kuungana, Fermi ilipokea mmweko wa miali ya gama uliodumu kwa takriban sekunde 2. INTEGRAL nayo iliuona. Kompyuta za Fermi zilitoa arifa ndani ya sekunde chache. Arifa ya wimbi ilichelewa dakika 40 hivi, kwa kuwa kelele ya muda mfupi katika kigunduzi cha Livingston iliufanya uchambuzi wa moja kwa moja uikose ishara hiyo pale.

Safari hii majibu ya maswali yote matatu yalikubaliana. Uzito uliopimwa ulikuwa wa nyota za nyutroni. Eneo lililokadiriwa lilipungua hadi takriban digrii 28 za mraba na liliingiliana na lile la Fermi. Uwezekano wa sadfa ulikuwa takriban moja kwa milioni 20. Takriban saa 11 baada ya tukio, darubini ya Swope nchini Chile ilionyesha nuru mpya katika galaksi ya NGC 4993, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130.

Wakati wimbi lilipofika, galaksi hiyo ilikuwa juu ya anga la Afrika Mashariki. Kwa mtazamaji wa Osukuru ilikuwa upande wa kusini, takriban digrii 25 tu kutoka utosini, lakini ilikuwa mchana. Jua lilipotua, galaksi ilibaki juu ya upeo wa magharibi kwa karibu saa tatu. Darubini za H.E.S.S. nchini Namibia, zinazopima miali ya gama yenye nishati kubwa zaidi kutoka ardhini, zililielekea eneo hilo saa 5.3 baada ya tukio na kutoa vikomo vya juu. Swift na AGILE zilikuwa upande ambao Dunia ilizizuia kuliona tukio lenyewe. AGILE ilipata nafasi ya kulitazama eneo hilo takriban robo saa baadaye na haikuona kitu. Swift, baada ya kuelekezwa, ilipima nuru kali ya urujuanimno kutoka katika maada iliyorushwa, wakati Swift na NuSTAR zote hazikuona eksirei katika siku za mwanzo. Hapa tunaona kwa nini kutoona kunahitaji neno lake: katika tukio hilohilo, chombo kimoja hakikuona kwa sababu kilizibwa, na kingine hakikuona kwa sababu nuru iliyotafutwa ilikuwa hafifu au haikuwapo wakati huo.

Matokeo mawili yalifuata. Kwanza, tofauti ya sekunde 1.74 baada ya safari ya miaka milioni 130 ilithibitisha kwamba mawimbi ya graviti na nuru husafiri kwa kasi ileile, kwa usahihi wa takriban sehemu moja ya trilioni elfu moja. Pili, rangi na kufifia kwa nuru ya siku zilizofuata vililingana na maada yenye elementi nzito mpya, zikiwamo lanthanidi. Maada iliyorushwa ilikadiriwa kuwa asilimia chache za uzito wa Jua. Haya hayathibitishi kwamba kila chembe ya dhahabu ya Tiira ilitoka katika mgongano wa aina hii, kwani vyanzo vingine bado vinajadiliwa. Yanathibitisha kwamba mgongano wa aina hii hutengeneza elementi za kundi hilo.

6.0 Istilahi Zinazopendekezwa

Maelezo yaliyotangulia yametumia istilahi kwa makusudi. Sehemu hii inatoa sababu za kuzichagua.

(a) Mawimbi ya graviti. Matumizi ya "mawimbi ya mvutano" yana matatizo mawili. Mvutano una maana ya uhasama, kama katika mvutano wa kisiasa, na hata katika fizikia humwelekeza msomaji kufikiria kitu kinachovuta, ilhali wimbi hili hunyoosha na kukaza. Aidha, katika elimu ya maji na hewa kuna mawimbi ambayo uzito ndio unaoyarudisha chini, kama yale ya Ziwa Viktoria. Hayo yangeweza kuitwa mawimbi ya uzito, na graviti ikaachiwa mtikisiko wa anga-wakati.

(b) Mwenza. Miali inayoambatana na wimbi yaweza kuitwa pacha, mwenzi au mwenza. Pacha hudokeza kufanana, ilhali wimbi na miali havifanani. Mwenzi limezoeleka kwa maana ya mume au mke. Mwenza, kama katika "mgombea mwenza", hutaja ushirika katika jambo moja bila kudai kufanana. Faida nyingine ni kwamba neno hili hukubali ngazi za uhakika: mwenza anayedhaniwa, mwenza aliyethibitishwa.

(c) Mmweko, wala si mlipuko. Kinachopimwa ni nuru inayomweka. Mlipuko ni tafsiri ya kilichoisababisha. Istilahi inayotaja kipimo huendelea kufaa hata nadharia ikibadilika.

(d) Kutogunduliwa na kikomo cha juu. Sentensi "hakuna miali ya gama" na "miali ya gama haikugunduliwa" hazina maana moja. Kiswahili kinazo nyenzo za kuzitenganisha, kwa hiyo upungufu uko katika matumizi. Inapendekezwa kwamba kila taarifa ya kutogunduliwa iambatane na kikomo chake cha juu na ieleze kama chombo kiliweza kuliona eneo husika.

(e) Arifa. Ujumbe wa haraka unaotumwa kwa wachunguzi usiitwe tahadhari. Tahadhari humtaka msikilizaji ajikinge. Katika ukanda ambao redio za jamii hutangaza tahadhari za mafuriko na magonjwa, kauli kama "tahadhari ya miali ya gama" ingeleta hofu pasipo sababu. Arifa, neno ambalo watumiaji wa simu wamekwisha kulizoea, hutosha.

7.0 Maana Yake kwa Sera

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2021, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Maamuzi hayo yatapimwa kwa kazi ambazo lugha itaweza kuzifanya. Mshauri anayesoma kwamba Malindi "haikupata kitu" katika tukio fulani, na asijue tofauti ya kutogunduliwa na kutokuwepo, anaweza kuhitimisha kwamba kituo hakina tija. Anayesoma kwamba uwezekano wa sadfa ni moja kwa 450 anaweza kutangaza ugunduzi usiokuwapo. Katika hali zote mbili neno lisilo sahihi huzaa uamuzi usio sahihi kuhusu fedha, mafunzo na mikataba.

Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA, BAKIZA na idara za fizikia za vyuo vikuu, iandae orodha fupi ya istilahi za elimu ya anga kwa kuanzia na dhana zinazotenganisha viwango vya uhakika. Pili, mkataba wa Kenya na Italia kuhusu kituo cha Malindi, uliotiwa saini mwaka 2016, unagusa pia elimu na mafunzo. Utekelezaji wake ujumuishe muhtasari wa Kiswahili wa kazi za setilaiti ambazo data zake hupokelewa hapo. Tatu, vitabu vya sayansi vya shule za mpakani viunganishe somo la madini ya eneo na somo la asili ya elementi, ili mwanafunzi wa Osukuru akutane na mawimbi ya graviti kupitia mwamba anaoufahamu.

8.0 Hitimisho

Kwa miaka mingi tangu Agosti 2017, tukio hilo limebaki kuwa pekee lenye mwenza wa miali ya gama asiye na ubishi. Tukio jingine la nyota za nyutroni, la tarehe 25 Aprili 2019, lilikadiriwa kuwa popote ndani ya digrii zipatazo 8,000 za mraba, na hakuna mwenza aliyethibitishwa. Utafutaji huu, kwa hiyo, ni kazi ya subira ambayo matokeo yake mengi yatakuwa vikomo vya juu. Lugha itakayoweza kueleza thamani ya matokeo hayo kwa mwananchi anayelipa kodi itakuwa imefanya kazi ngumu kuliko kutangaza ugunduzi. Kiswahili kina maneno ya kuifanya. Kilichobaki ni kukubaliana juu yake na kuyatumia.